Maswali ya Wasomaji: Volti Zile Zile, Mara Nyingi

Katika toleo lililopita tulimjibu msomaji aliyetaka kujua picha ilikuwa ikichorwaje kwenye televisheni za zamani, zile zenye mgongo mrefu, na tukasema kwa kifupi kwamba elektroni zilirushwa kutoka shingoni mwa kioo kwa umeme wa volti 25,000 hivi hadi zikagonga unga unaong'aa uliopakwa nyuma ya skrini. Neno hilo "zilirushwa" limetuletea barua nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zinataka maelezo ya jambo moja: umeme unairushaje chembe, na unaweza kuirusha kwa kasi gani? Tumechagua barua saba, nyingine tukizifupisha, na mojawapo tumeijibu kwa kirefu kuliko zilizobaki kwa sababu imegusa kiini cha suala lote.

SWALI: Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, na televisheni hizo nimezifungua kwa miaka mingi. Waya mnene wenye kofia ya mpira unaoingia ubavuni mwa kioo naujua vizuri, kwani umewahi kunitupa chini. Nisichokijua ni hiki: umeme ule unaifanya nini elektroni, na elektroni inafika kwenye skrini kwa kasi gani? Nikiongeza volti mara mbili, kasi nayo inakuwa mara mbili?

JIBU: Ndugu fundi, pole kwa kutupwa chini, ingawa ukweli ni kwamba waya uliokutupa ndio wenye jibu la swali lako. Waya huo huupa chaji chanya utando mweusi unaopitisha umeme, uliopakwa ndani ya kioo, na utando huo ndio anodi. Kule shingoni, pale unapoona uzi mwembamba ukiwaka rangi ya chungwa, ndipo ilipo kathodi, ambayo hupashwa moto hadi elektroni zake zinaanza kulegea na kuchomoka. Kati ya kathodi na anodi panakuwa na uga wa umeme, maana yake ni kwamba popote elektroni itakapokuwa katika nafasi ile itasukumwa kutoka kathodi na kuvutwa kuelekea anodi, kwa kani inayolingana na chaji yake ikizidishwa kwa nguvu ya uga wa mahali pale.

Kani hiyo hiyo ipo hata ndani ya waya wa taa, lakini humo elektroni hazifiki mbali kabla ya kujigonga kwenye atomu za shaba na kuiacha nishati yao hapo kama joto, na ndiyo maana mwendo wao wa jumla ndani ya waya ni wa pole sana, mara nyingi haufiki hata milimita moja kwa sekunde. Ndani ya kioo cha televisheni hewa imefyonzwa, pamebaki ombwe, na elektroni haina cha kujigonga nacho. Kani inaendelea kuisukuma kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, na kila hatua kasi inazidi.

Nishati inayopata ni chaji yake ikizidishwa kwa tofauti ya volti kati ya mwanzo na mwisho wa safari. Angalia kwamba umbali haumo katika hesabu hiyo. Ukiyasogeza karibu mabamba mawili yenye tofauti ya volti 100, uga unakuwa mkali zaidi lakini safari inakuwa fupi, na elektroni inafika na nishati ile ile. Kwa sababu hiyo wataalamu huipima nishati ya chembe kwa elektronivolti, yaani nishati inayopatikana pale chembe yenye chaji moja kama ya elektroni inapopita katika tofauti ya volti moja.

Kuhusu kasi, jibu ni hapana, haiwi mara mbili, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Volti moja tu huipa elektroni kasi ya kilomita 590 hivi kwa sekunde, jambo ambalo huwashangaza wengi, na volti 100 huipa kilomita 5,900, yaani volti mara mia zimeleta kasi mara kumi. Kwa volti 25,000 za televisheni yako elektroni hugonga skrini ikiwa na kasi ya kilomita 90,000 kwa sekunde, karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Ukiziongeza hadi 50,000 hutapata kilomita 180,000, bali 124,000 hivi, na hata hiyo ni pungufu kidogo ya ile ambayo hesabu ya shuleni ingekupa, kwa kuwa katika kasi kubwa namna hii kanuni za Einstein zimeshaanza kujionyesha. Protoni, ambayo masi yake ni mara 1,836 ya ile ya elektroni, ingepata nishati ile ile kwa volti zile zile, lakini ingekwenda taratibu zaidi, kama mara 43 hivi.

Nawe unajua, lakini wasomaji wengine huenda hawajui: kioo hicho huhifadhi chaji hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo kofia ile ya mpira haiguswi kabla chaji haijaondolewa.

SWALI: Kama nishati ni chaji mara volti, basi naona kazi imekwisha. Kwa nini wanasayansi hawatengenezi volti bilioni moja, wakaondokana na mitambo ya kilomita nyingi tunayoisikia?

JIBU: Kwa sababu volti hazikai pale unapoziweka. Hewa kavu ya kawaida huvumilia uga wa volti milioni 3 hivi kwa kila mita, na ukipita hapo huachia cheche. Tufe la metali lililo laini kabisa, lisilo na ncha wala mkwaruzo, likiwekwa peke yake hewani, lingehitaji nusu kipenyo cha zaidi ya mita 300 ili libebe volti bilioni moja bila kutoa radi, na hapo bado hujafikiria nguzo za kulishikilia.

Walioanza kazi hii walifika mbali kwa volti chini ya milioni moja. John Cockcroft na Ernest Walton, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipanga kapasita na vali za umeme kwa ngazi, kila ngazi ikiongeza volti juu ya iliyotangulia, na mwaka 1932 wakazirusha protoni kwenye lithiamu na kuona kiini cha atomu kikipasuka vipande viwili vya heliamu. Kabla ya hapo iliaminika kwamba protoni haiwezi kukikaribia kiini bila volti milioni nyingi, lakini mwaka 1928 George Gamow alikuwa ameonyesha kwamba chembe inaweza kupenya kizuizi ambacho kwa hesabu za zamani isingeweza kukiruka, na matumaini yao yalitoka hapo. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1951.

Robert Van de Graaff, huko Marekani, alianza mwaka 1929 kutumia mkanda unaozunguka kubeba chaji na kuipandisha hadi kwenye tufe la metali, kama mtu anayechota maji kwa ndoo bila kupumzika. Mitambo ya ukoo huo ilipofungiwa ndani ya matangi yenye gesi iliyoshindiliwa ilifika volti milioni 25 hivi, na hapo ndipo ulipo mpaka wake. Ujanja mmoja nausifu kila ninapoueleza: ioni hasi, yaani atomu zilizoongezewa elektroni, huvutwa kuelekea katikati ya tangi penye volti chanya, hapo hupitishwa kwenye karatasi nyembamba mno ya kaboni inayozipokonya elektroni zake, zinageuka kuwa chanya, na volti zile zile zilizokuwa zikizivuta sasa zinazisukuma zitoke upande wa pili. Volti ni moja, faida ni mbili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita na nimechora mtambo wangu mwenyewe. Nina mabamba mawili yenye matundu katikati, betri ya volti 1,000, na sumaku za kuipindisha protoni ikishatoka tundu la pili ili izunguke nje na kuingia tena tundu la kwanza. Kila mzunguko protoni inapata elektronivolti 1,000, na betri haichoki kwa kuwa protoni haigusi bamba lolote. Mwalimu wangu anasema haiwezekani, lakini hakunieleza sababu. Kosa liko wapi?

JIBU: Kijana, mchoro wako tumeutazama kwa makini, na kosa lake ni moja tu: mishale ya uga umeichora kati ya mabamba pekee. Uga haukatiki pembeni kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Humwagika nje ya kingo na nyuma ya mabamba, dhaifu zaidi lakini upo.

Weka kidole chako juu ya mchoro uifuate protoni. Kati ya mabamba inasukumwa mbele, inapata elektronivolti zake 1,000, inatoka kwenye tundu la bamba hasi. Sasa bamba hilo hasi liko nyuma yake, na bado linaivuta, kwa hiyo protoni inaanza kupunguza mwendo. Inazunguka, inalikaribia bamba chanya kwa upande wa nje, na bamba chanya linaisukuma isikaribie. Nje uga ni dhaifu, lakini safari ya nje ni ndefu, na ukijumlisha vuta na sukuma za njia nzima utakuta protoni imelipa elektronivolti 1,000 kamili kabla ya kufika tena kwenye tundu la kwanza. Haijapata kitu. Ni kama mtu anayeteremka mlima na kuuzunguka ili ateremke tena: kabla ya kuteremka mara ya pili ni lazima kwanza apande, hata kama amechagua njia ya nyuma yenye mteremko mdogo. Kila mahali katika uga usiobadilika pana volti yake, kama kila mahali mlimani palivyo na kimo chake, na anayerudi alikoanzia amerudi kwenye volti ile ile.

Ungeweza kuligundua kosa hilo kwenye sentensi yako mwenyewe, pale uliposema kwamba betri haichoki. Kama betri haichoki, nishati ya protoni ingetoka wapi?

Lakini usiutupe mchoro, kwa sababu umebakiza hatua moja tu kuifikia fikra iliyojenga mitambo yote mikubwa. Protoni inalipishwa kwa kuwa volti za mabamba ziko vile vile wakati wa kuteremka na wakati wa kupanda. Je, zikibadilishwa katikati ya safari? Mwaka 1924 Gustav Ising wa Sweden alipendekeza jambo hilo kwa maandishi, na mwaka 1928 Rolf Widerøe, kijana wa Norwei aliyekuwa akisoma Aachen, Ujerumani, akalifanya kweli kwa kifaa kidogo ambacho ungeweza kukiweka juu ya meza.

Aliweka mrija wa metali kati ya vituo viwili vilivyounganishwa na ardhi, akaupa mrija umeme unaogeuka chanya na hasi mara nyingi kwa sekunde, kilele chake kikiwa volti 25,000. Ioni ya potasiamu, ambayo ni chanya, inaukaribia mrija wakati mrija ni hasi, inavutwa, inaingia na elektronivolti 25,000. Ndani ya mrija wa metali hakuna uga. Ioni inateleza tu kwa kasi iliyonayo, haivutwi wala haisukumwi, na wakati huo huo, bila yenyewe kuhisi chochote, mrija unageuka kutoka hasi kuwa chanya. Ioni inapochomoza upande wa pili inakuta mrija uliokuwa ukiivuta sasa unaisukuma, na inapata elektronivolti 25,000 nyingine. Jumla ni 50,000, ingawa hakuna mahali popote kwenye kifaa palipowahi kuwa na zaidi ya 25,000. Na chanzo cha umeme, tofauti na betri yako, hapa kinachoka kweli: kila ioni inayoongezewa kasi hunyang'anya nishati kidogo kutoka kwenye umeme ule unaogeuka.

Ukitaka zaidi, panga mirija mingi kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, na ufanye kila mmoja uwe mrefu kuliko uliotangulia, kwa sababu ioni inazidi kasi na ni lazima itumie muda ule ule kujificha ndani ya kila mrija wakati umeme unageuka.

Ernest Lawrence, huko Berkeley, California, aliliona andiko la Widerøe maktabani mwaka 1929. Kijerumani chake hakikuwa kizuri, kwa hiyo aliangalia michoro zaidi ya maneno, na akajiuliza kama wewe: kwa nini mirija mingi, wakati sumaku inaweza kuirudisha chembe kwenye pengo lile lile? Alitumia masanduku mawili bapa yaliyo wazi katikati, kila moja likiwa na umbo la nusu duara, yakiwa ndani ya uga wa sumaku, na umeme unaogeuka ukiwa kati yake. Chembe ikiwa ndani ya sanduku haihisi umeme, inazunguka nusu duara tu, na inapofika pengoni inakuta umeme umeshageuka na uko tayari kuisukuma upande mpya. Kilichomsaidia ni sifa moja ya sumaku: chembe yenye kasi kubwa huchora duara kubwa, lakini muda wa kulimaliza haubadiliki, kwa hiyo umeme unaweza kugeuka kwa mdundo mmoja usiobadilika tangu chembe inapoanza katikati hadi inapotokea ukingoni. Kwa protoni katika uga wa sumaku wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo), mdundo huo ni mizunguko milioni 15 na kidogo kwa sekunde. Mapema mwaka 1931 mwanafunzi wake, Stanley Livingston, alizipa ioni za haidrojeni elektronivolti 80,000 kwa umeme usiofika volti 2,000, ndani ya kifaa chenye kipenyo cha sentimita 11 hivi. Hicho ndicho kilichoitwa saiklotroni, na Lawrence alipata tuzo ya Nobel mwaka 1939.

Mdundo huo nao una kikomo. Kasi ya chembe inapoanza kuikaribia ile ya mwanga, chembe inakuwa ngumu zaidi kusukumwa, muda wa kuzunguka unarefuka, na inaanza kuchelewa kufika pengoni. Dawa yake ilipatikana miaka ya 1944 na 1945, wakati Vladimir Veksler wa Urusi ya Kisovieti na Edwin McMillan wa Marekani, kila mmoja kwa wakati wake, walipoonyesha kwamba mdundo ukibadilishwa polepole, chembe zinazochelewa na zinazowahi hujirekebisha zenyewe na kubaki katika fungu moja.

Mpelekee mwalimu wako jibu hili. Alikuwa sahihi, lakini nawe ulistahili kuelezwa.

SWALI: Nimesoma kwamba mtambo mkubwa ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa una sumaku zaidi ya elfu moja. Je, si sumaku hizo ndizo zinazoziongezea protoni kasi?

JIBU: Sivyo, ingawa dhana hiyo imeenea sana. Kani ya sumaku kwa chembe inayokwenda huwa daima ya ubavuni, kwa pembe mraba na mwelekeo wa mwendo, na kani ya ubavuni hupindisha njia bila kuongeza wala kupunguza nishati. Sumaku kubwa 1,232 za mtambo huo wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, zina kazi ya usukani: kuzifanya protoni zifuate njia ya duara yenye mzingo wa kilomita 27. Kazi ya kusukuma hufanywa na vyumba vinane tu vya metali kwa kila mwale wa protoni, vyenye umeme unaogeuka mara milioni 400 kwa sekunde.

Hesabu yake inafurahisha. Protoni huingia zikiwa na elektronivolti bilioni 450 na hufikishwa trilioni 6.8 kwa dakika 20 hivi, huku zikizunguka mara 11,000 na ushei kila sekunde. Gawanya, utakuta kila mzunguko unaongeza chini ya elektronivolti nusu milioni, kiasi ambacho Cockcroft na Walton wasingekishangaa. Ukubwa wote umetokana na kurudia. La kushangaza zaidi ni kwamba katika dakika hizo 20 nishati inapanda mara 15, lakini kasi inapanda kwa mita 650 hivi tu kwa sekunde, kwa kuwa protoni zilipoingia zilikuwa tayari zimeikaribia mno kasi ya mwanga. Kwa nishati hizo neno "kuongeza kasi" limebaki jina la mazoea tu.

Nyongeza kwa wanaopenda kubisha: sumaku ambayo nguvu yake inabadilika huzaa uga wa umeme unaozunguka kwa duara, na uga wa namna hiyo hauna mlima wala bonde, kwa hiyo chembe hupata nishati kila mzunguko. Donald Kerst alijenga mtambo wa aina hiyo kwa ajili ya elektroni mwaka 1940. Lakini hata humo kinachosukuma ni uga wa umeme, ambao sumaku imeuzaa.

SWALI: Neutroni nazo zinaweza kurushwa hivyo?

JIBU: Haziwezi. Hazina chaji, na uga wa umeme hauna pa kuzishika. Anayetaka neutroni zenye kasi huzirusha protoni au ioni nyingine kwenye shabaha, nazo zikavigonga viini vya atomu na kuzitoa neutroni humo.

SWALI: Mama yangu anatibiwa saratani kwa mashine ya mionzi ambayo wahudumu huiita linaki. Wametuambia kwamba inatumia elektroni. Tunaogopa kwamba ndani yake mna kitu chenye sumu ya mionzi ambacho kinaendelea kuwaka hata mashine ikizimwa. Ni kweli?

JIBU: Dada, tunamwombea mama afueni. Hofu yenu ina chimbuko, kwa sababu zipo mashine nyingine za tiba ambazo hutumia madini ya kobalti-60, na kobalti hiyo hutoa mionzi usiku na mchana, ikifunikwa tu kwa risasi wakati haitumiki. Linaki haiko hivyo. Mionzi yake huzaliwa kwa umeme, na umeme ukikatwa mionzi ya tiba inakoma papo hapo.

Ndani yake mna bomba la shaba, ambalo mara nyingi halifiki urefu wa mita moja, lililogawanywa kuwa vyumba vidogo vyenye tundu katikati. Vyumba hivyo hujazwa mawimbi ya maikrowevu yanayogeuka mara bilioni 3 hivi kwa sekunde. Elektroni zinazotoka kwenye kathodi ya moto, jamaa ya ile ya televisheni ya fundi wetu, huingia kwa mafungu, na kila fungu huvuka chumba wakati uga wake unasukuma mbele, kisha huingia chumba kinachofuata wakati huko nako uga umegeukia mbele. Hapa mirija haihitaji kurefuka kama ya Widerøe, kwa sababu elektroni ni nyepesi na baada ya vyumba vichache tu imeshafika karibu na kasi ya mwanga. Katika nusu ya mdundo mmoja husafiri sentimita 5, na vyumba vina urefu huo huo wa sentimita 5.

Mwishoni zikiwa na elektronivolti milioni 6 kwa mfano, elektroni hugonga kipande cha metali nzito kama tungsteni, zinafunga breki ghafla, na sehemu ya nishati yao hutoka kama eksirei kali inayoelekezwa kwenye uvimbe. Mashine ya kawaida ya eksirei ya kifua hufanya vivyo hivyo kwa volti laki moja hivi tu, na karibu asilimia 99 ya nishati yake huishia kuwa joto, ndiyo maana shabaha yake huzungushwa ili isiyeyuke. Wahudumu hutoka chumbani wakati wa tiba kwa sababu wao hukutana na kazi hiyo kila siku ya maisha yao, si kwa sababu kuna kitu kinabaki ndani ya mama baada ya mashine kuzimwa.

Bomba la aina hiyo hiyo, likirefushwa hadi kilomita 3.2, ndilo lililoanza kazi Stanford, Marekani, mwaka 1966, na likaja kuzifikisha elektroni kwenye elektronivolti bilioni 50.

SWALI: Ni kweli kwamba kuna vyombo vya anga za juu vinavyosukumwa na umeme? Vinasukuma nini wakati huko hakuna hewa?

JIBU: Ni kweli, na vinasukuma gesi vilivyoibeba vyenyewe. Chombo cha Dawn cha Marekani, kilichorushwa mwaka 2007, kilifika kwenye Vesta mwaka 2011 na kwenye Ceres mwaka 2015, magimba mawili yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kwa kutumia gesi ya zenoni. Atomu za zenoni hunyang'anywa elektroni moja, zikawa ioni chanya, kisha hupitishwa kati ya wavu mmoja na mwingine wenye tofauti ya volti elfu moja hivi, na kutoka nyuma ya chombo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 30 kwa sekunde. Roketi za moto hazifiki hata kilomita 5. Msukumo wenyewe ni mdogo, kama uzito wa karatasi mbili za kuandikia zikilala kiganjani, lakini injini hufanya kazi kwa maelfu ya saa, na huko hakuna kinachoipinga.

Sehemu ya injini hiyo ambayo wengi huisahau ni bomba dogo lililo pembeni, ambalo kazi yake ni kumwaga elektroni kwenye mkondo wa ioni unaotoka. Bila bomba hilo chombo kingekuwa kinatupa chaji chanya peke yake na kubaki na hasi, na baada ya muda mfupi sana hasi hiyo ingeanza kuzivuta ioni zirudi zilikotoka, kama lile bamba hasi la kijana wetu lilivyoivuta protoni yake.